Kurasa Saba, Faili Moja: Kuunganisha Picha kwa Kompyuta Yako Mwenyewe

Kikao cha ukoo kimekwisha Matombo. Muhtasari umeandikwa kwa mkono katika kurasa saba za daftari. Warithi wametajwa kwa majina, mashamba yametajwa kwa mipaka yake ya vijito na miti, na ukurasa wa saba una saini na alama za dole gumba za waliohudhuria. Mjomba mtu, ambaye katika koo za Waluguru zinazofuata upande wa mama ana uzito wake, amepiga picha kila ukurasa kwa simu na kumtumia mpwa wake aliyeko Morogoro mjini. Mpwa ana kompyuta mpakato ya zamani. Mwanasheria aliyeombwa kuupitia muhtasari huo kabla haujafikishwa Mahakama ya Mwanzo amesema jambo moja tu: nitumieni faili moja, si picha saba.

Mfano huu tumeubuni, lakini haja iliyomo ndani yake si ya kubuni. Mwombaji wa mkopo wa elimu ya juu hutakiwa kupakia katika mfumo wa Bodi ya Mikopo kurasa zilizotiwa saini na mihuri. Mtu anayetafuta kazi hutakiwa kuambatisha vyeti. Karibu kila ofisi huomba kitambulisho cha Taifa, pande zote mbili, katika ukurasa mmoja. Naye mteja aliyetuma fedha kwa simu zikapotelea njiani anahitaji kupanga ujumbe wake kwa mfuatano ili malalamiko yake yaeleweke. Wote hawa wanakabiliwa na kazi ile ile ndogo, yaani kuunganisha picha, na wengi wao huilipia au huikabidhi kwa watu wasiowajua, ilhali kompyuta iliyo mezani inaweza kuifanya bila malipo, bila intaneti, na bila hati kutoka nje ya nyumba.

Neno "ndogo" lisimfanye msomaji aione kazi hii kuwa ya kupuuza. Ukurasa ukirukwa, au ukingo wa chini wenye saini ukikatwa na mashine bila mtu kutambua, muhtasari unakuwa na walakini. Ndiyo maana tunaieleza kwa urefu.

Njia zilizo mbele ya mpwa

Njia ya kwanza ni steshenari. Ni njia halali, na wenye steshenari wamewaokoa waombaji wengi katika saa za mwisho za kufungwa kwa mifumo. Hata hivyo ina gharama mbili. Moja ni fedha, na hiyo inaonekana: tuseme ukitozwa shilingi 500 kwa kila ukurasa, kurasa saba ni shilingi 3,500, na ukirudishiwa faili kwa sababu ukurasa mmoja umepinda unalipa tena. Gharama ya pili haionekani. Ili kazi ifanyike, picha zako huhamishiwa katika kompyuta ya duka, na huko hubaki. Mteja anayekuja baada yako akikaa mbele ya kompyuta hiyo hiyo anaweza kuyakuta majina ya ndugu zako, namba zako za kitambulisho na mipaka ya shamba lenu katika folda ile ile ya vitu vilivyopakuliwa. Flashi nayo, ikiingizwa katika kompyuta inayohudumia watu kutwa nzima, hurudi nyumbani na virusi mara nyingi kuliko tunavyopenda kukiri.

Njia ya pili ni tovuti zinazojitangaza kuwa huunganisha picha bure. Hapa kuna jambo ambalo watumiaji wengi hawalijui: kazi hiyo kwa kawaida haifanyiki katika kompyuta yako. Picha hupakiwa, zikasafiri hadi kompyuta ya mwenye tovuti, pengine katika nchi nyingine, zikaunganishwa huko, kisha faili likarudishwa kwako. Tovuti huahidi kwamba hufuta kila kitu baada ya saa chache. Huenda ni kweli, lakini huna njia ya kuthibitisha. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo kwa ajili ya kuisimamia. Bado ni vigumu kumfuatilia mtu asiye na ofisi wala jina unalolijua. Tena kuna bando. Picha saba zenye megabaiti tatu kila moja ni megabaiti 21 za kupakia, kabla hujapakua faili lililokamilika, na yeyote aliyewahi kutafuta mtandao nyuma ya mabega ya milima ya Uluguru anajua maana ya kupakia megabaiti 21.

Njia ya tatu ni kompyuta yako mwenyewe, nayo ndiyo shabaha ya makala haya.

Maana tatu za neno moja

Watu wakisema "unganisha picha" huwa wanamaanisha mambo matatu tofauti, na mtu akichukua programu ya jambo moja kwa kazi ya jambo jingine hupoteza siku nzima.

Maana ya kwanza ni kuzipanga picha kuwa kurasa za hati moja, kama majani ya kitabu. Matokeo yake huwa ni faili la PDF, aina ya faili iliyobuniwa na kampuni ya Adobe mwaka 1993 na ambayo tangu mwaka 2008 ni kiwango cha kimataifa. Sifa yake ni kwamba hati huonekana vile vile katika kila kompyuta. Hiki ndicho anachotaka mwanasheria wa mfano wetu.

Maana ya pili ni kuziweka picha mbili au zaidi ubavu kwa ubavu, au juu na chini, zikawa picha moja. Hapa ndipo penye kitambulisho cha pande mbili na mfuatano wa ujumbe wa simu.

Maana ya tatu ni kushona picha zinazopandana, zilizopigwa mtu akiwa amesimama mahali pamoja na kugeuka kidogo kidogo, zikawa mandhari moja pana. Hii ni kazi nzito zaidi, nasi tutaigusa mwishoni kwa sababu ina hatari yake kwa mnunuzi wa ardhi.

Maandalizi ndiyo nusu ya kazi

Mjomba akituma picha kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, programu hiyo huzipunguza ili zisafiri haraka. Uso wa mtu hauharibiki sana kwa kupunguzwa huko. Mwandiko wa kalamu ya risasi huharibika. Aombwe azitume kama hati, si kama picha, maana sehemu ya kuambatisha vitu ina chaguo hilo. Ikiwa simu iko karibu, waya wa USB ni bora kuliko vyote, kwani hauli bando wala haupunguzi kitu.

Kurasa zipigwe picha mchana, karibu na mlango au dirisha, simu ikiwa juu ya karatasi sawasawa bila kuinama, na kingo zote nne za ukurasa zionekane. Taa ya simu huacha doa jeupe katikati ya maandishi, basi izimwe.

Picha zikishafika kwenye kompyuta, ziwekwe katika folda moja na kupewa majina yanayoanza kwa namba: 01, 02, 03, hadi 07. Sifuri hiyo ya mbele si pambo. Programu nyingi hupanga majina kwa herufi ya kwanza, hivyo hati yenye kurasa zaidi ya tisa ikitajwa 1, 2, 3 na kuendelea, ukurasa wa 10 utajikuta mbele ya ukurasa wa 2. Tena kila picha ifunguliwe na kutazamwa. Iliyolala ubavu isimamishwe na kuhifadhiwa. Usitegemee kwamba itajisimamisha yenyewe baadaye. Wenye simu za iPhone wajue kwamba simu hizo huweza kuhifadhi picha kwa mfumo wa HEIC, ambao programu nyingi za zamani haziufungui. Katika mipangilio ya kamera ya simu hizo upo uwezekano wa kuchagua JPEG.

Kurasa kuwa hati moja

Kompyuta yenye Windows 10 au 11 ina kila kinachohitajika. Tangu Windows 10 ilipotoka mwaka 2015, mfumo huo umekuwa na printa isiyo ya karatasi iitwayo Microsoft Print to PDF. Haichapishi karatasi, bali huunda faili.

Fungua folda yenye picha. Zichague zote saba. Bofya kitufe cha kulia cha kipanya ukiwa juu ya picha ya kwanza, yaani 01, kwa sababu ile unayoibofya ndiyo ambayo kwa kawaida hutangulia katika mfuatano. Katika orodha itakayojitokeza chagua "Print". Katika Windows 11 huenda ukahitaji kwanza kubofya "Show more options" ili orodha kamili ionekane. Dirisha litafunguka likikuonyesha kurasa zitakavyokuwa. Chagua Microsoft Print to PDF kuwa printa, A4 kuwa ukubwa wa karatasi, na picha moja kwa kila ukurasa.

Sasa tunamwomba msomaji atue hapa. Chini ya dirisha hilo kuna kisanduku kidogo chenye alama ya vema, kilichoandikwa "Fit picture to frame". Mtu hukiona akadhani kinafaa, kumbe ndicho kinachokata. Kazi yake ni kuikuza picha hadi ijaze karatasi yote, na kwa kuwa umbo la picha ya simu si sawa na umbo la karatasi ya A4, kinachozidi pembeni hutupwa. Katika muhtasari wa ukoo, kilichoko pembeni ni namba za mistari, na kilichoko chini kabisa ni saini na dole gumba. Ondoa alama hiyo ya vema. Karatasi itabaki na ukingo mweupe usiopendeza, lakini hakuna neno litakalopotea.

Bofya kitufe cha kuchapisha, toa jina la faili, hifadhi. Kazi imekwisha, na haikuhitaji mtandao.

Kompyuta yenye Windows 7 haina printa hiyo. Mwenye nayo anaweza kutumia LibreOffice, programu ya ofisi isiyolipiwa: huweka kila picha katika ukurasa wake, kisha huamuru hati ihamishwe kuwa PDF. Word nayo, kuanzia matoleo ya 2010, hufanya hivyo hivyo kwa kuhifadhi hati kama PDF. Ni njia ndefu kidogo, lakini ina faida kwamba unaiona kila picha kwa macho yako ikiingia mahali pake.

Pande mbili za kitambulisho

Kwa kazi hii hakuna haja ya kupakua chochote. Paint imo ndani ya Windows tangu toleo la kwanza la mwaka 1985, na wengi wetu tumeichezea bila kujua kwamba ina manufaa.

Anza kwa kuzifanya picha zote mbili ziwe na upana sawa. Fungua ya kwanza katika Paint, punguza kingo zisizohitajika za meza iliyo chini ya kadi, kisha tumia amri ya "Resize" uweke upana wa pikseli 1000. Pikseli ni nukta ndogo za rangi zinazounda picha. Kitambulisho cha ukubwa wa kadi ya benki kina upana wa milimita 85.6, ukikichapisha kwa ubora mzuri wa nukta 300 kwa kila inchi, upana huo huhitaji pikseli zipatazo 1011. Hivyo 1000 zinatosha, na zaidi ya hapo ni kuongeza uzito wa faili bure. Hifadhi kwa jina jipya. Fanya hivyo hivyo kwa upande wa nyuma.

Kisha rudi kwenye picha ya upande wa mbele. Shika kidoti kidogo kilicho katikati ya ukingo wa chini wa picha, ukivute kuelekea chini hadi nafasi nyeupe ipatikane ya kutosha kuingiza picha ya pili. Bofya mshale ulio chini ya "Paste", chagua "Paste from", na uionyeshe kompyuta picha ya upande wa nyuma. Picha hiyo itaingia juu kushoto, ikifunika ya kwanza, na watu wengi huogopa hapo wakadhani wameharibu. Hujaharibu. Maadamu imezungukwa na mistari ya nukta nukta, inaweza kusogezwa. Iburute hadi chini. Ukibofya nje kabla ya kuisogeza itaganda pale pale, na dawa yake ni kubonyeza Ctrl na Z pamoja, kisha kuanza upya. Ikishakaa vizuri, hifadhi kwa jina la tatu. Picha mbili za awali zibaki kama zilivyo, kwa sababu siku moja ofisi nyingine itazitaka zikiwa mbalimbali.

Jambo moja kuhusu kuhifadhi: aina ya JPEG hupunguza uzito kwa kutupa sehemu ndogo ya picha kila mara inapohifadhiwa upya. Mara moja au mbili huwezi kuona tofauti. Ukifungua na kuhifadhi mara kumi, herufi ndogo huanza kuzungukwa na ukungu. Wakati kazi inaendelea hifadhi kwa PNG, ambayo haitupi kitu, na mwishoni ndipo utoe nakala ya JPEG.

Programu nyepesi, na maana ya neno "bure"

Mtu anayeunganisha picha mara kwa mara, kwa mfano mfanyabiashara wa viungo anayewaonyesha wanunuzi wa mbali mdalasini, karafuu na pilipili manga zake katika picha moja, atachoka na Paint. Huyo anahitaji programu iliyotengenezwa kwa kazi za picha, lakini si lazima iwe nzito.

Mojawapo ni IrfanView. Iliandikwa na Irfan Škiljan, mzaliwa wa Bosnia na Herzegovina aliyesoma Vienna, na toleo la kwanza lilitoka mwaka 1996. Faili lake la kusakinisha ni la megabaiti chache tu, nalo huendeshwa bila taabu hata na kompyuta ambazo wengine wameshazistaafisha. Katika menyu ya "Image" ina amri ya panorama inayopanga picha kwa safu, ubavu kwa ubavu au juu na chini, ikikuruhusu kubadili mfuatano kabla ya kuhifadhi. Kwa kutumia kifurushi chake cha nyongeza, hutengeneza pia PDF ya kurasa nyingi. Programu nyingine ya jamii hiyo ni PhotoScape, ambayo wenye kupenda mapambo na fremu huipendelea. Watumiaji wa Linux wanayo ImageMagick, inayounganisha picha kwa mstari mmoja wa amri, na wenye kompyuta za Apple wanayo Preview iliyomo ndani ya mashine.

Ni wajibu wetu kueleza neno "bure" katika uwanja huu, kwa sababu lina sura nyingi. IrfanView ni bure kwa matumizi binafsi, ya elimu na yasiyo ya kibiashara. Steshenari inayoitumia kuhudumia wateja hutakiwa kununua leseni. LibreOffice na ImageMagick ni bure kwa wote, dukani na nyumbani. Kisha kuna "bure" ya tatu, ambayo ndiyo inayoumiza: programu hukuacha ufanye kazi yote, upange kurasa zote, na unapobofya kuhifadhi ndipo inapopiga mhuri wa jina lake katikati ya kila ukurasa na kukutaka ulipe ili uondolewe. Hati yenye mhuri wa namna hiyo haifai mbele ya ofisi yoyote. Kabla ya kuweka kurasa saba, jaribu kwa picha mbili zisizo na maana, uhifadhi, uone kinachotoka.

Mahali pa kupakulia pana mitego pia. Ukitafuta jina la programu mtandaoni, matokeo ya juu huweza kuwa matangazo ya kulipiwa yanayokupeleka kwa watu wasio watengenezaji. Kurasa nyingine zina vitufe vitatu vya kupakua, viwili kati yake vikiwa matangazo. Nenda katika tovuti ya mtengenezaji mwenyewe. Tazama uzito wa faili: ukiambiwa programu ni ya megabaiti chache kisha ukapakua megabaiti 90, umepata kitu kingine. Na wakati wa kusakinisha usibofye "Next" kwa mfululizo kama mtu anayepukuchua mahindi; soma kila dirisha, uondoe alama za vema kwenye vitu usivyoviomba.

Faili linapokataliwa kwa uzito

Mifumo mingi ya kupakia hati huweka kikomo cha uzito, na faili la mpwa wetu, lenye picha za moja kwa moja kutoka kwenye simu, linaweza kukataliwa. Dawa ni kupunguza vipimo vya kila picha kabla ya kuziunganisha, si baada. Picha ya simu yenye pikseli 4000 kwa 3000 ina nukta milioni 12. Ukipunguza kila upande kwa nusu, nukta hubaki milioni 3, yaani robo. Ukurasa wa A4 husomeka vizuri kwenye skrini kwa pikseli zipatazo 1240 kwa 1754, kwa hiyo 1500 kwa 2000 zilizobaki bado zinatosha. Usiende chini ya hapo kwa hati yenye muhuri, kwani maandishi ya duara ndani ya mhuri ndiyo ya kwanza kupotea.

Ushahidi wa malalamiko

Mteja anayelalamikia huduma ya simu au ya fedha hutakiwa kuanza kwa mtoa huduma mwenyewe, na asiporidhika ndipo hupeleka shauri kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania au chombo kingine kinachohusika. Picha za skrini alizozipiga ndizo msingi wa shauri lake. Azipange juu hadi chini kwa mfuatano wa saa, bila kukata sehemu yenye tarehe na namba ya muamala, hata kama inaonekana kurefusha picha. Picha ya kwanza irudie mstari wa mwisho wa inayotangulia ile ya pili, ili msomaji wa upande wa pili aone kwamba hakuna kilichorukwa. Na picha asilia zibaki ndani ya simu hadi shauri liishe.

Picha pana ya shamba

Mwenye kusimama Matombo akitazama magharibi huiona safu ya Uluguru ikijaza macho, na hakuna picha moja ya simu inayoweza kuibeba yote. Kwa kazi hiyo IrfanView haitoshi, kwa sababu yenyewe hupanga tu, haishoni. Maungio yataonekana kama viraka. Hugin, programu ya bure kwa wote, hutafuta alama zinazofanana katika picha mbili jirani, ikazipinda na kuzilainisha hadi mshono usionekane. Sharti lake ni kwamba kila picha ipandane na jirani yake kwa takriban theluthi moja, na mpigaji asihame alipo.

Uwezo huo huo wa kuficha mshono humfikia pia muuzaji wa ardhi asiye mwaminifu. Shamba la ekari moja huweza kuonekana tambarare pana kwa kuunganisha picha zilizopigwa kutoka mahali tofauti. Anayeuziwa kiwanja au shamba kwa picha atafute vitu vinavyojirudia: mgomba ule ule uliovunjika jani mara mbili, vivuli vinavyoelekea pande mbili, njia inayokatika ghafla. Kisha, picha iwe safi au isiwe safi, aende akaone, akiwa na viongozi wa kijiji na majirani wa mipaka. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inafanya kughushi kwa kompyuta kuwa kosa la jinai. Kifungu hicho cha pili kinamhusu pia anayechukua saini ya ukurasa mmoja na kuibandika katika ukurasa mwingine "ili tu kurahisisha mambo." Kuunganisha kurasa ni jambo moja, kuhamisha saini ni jambo jingine kabisa, hata kama saini ni ya baba yako na yeye mwenyewe amekubali.

Ikibidi kwenda steshenari

Si kila mtu ana kompyuta, na tunalitambua hilo. Anayekwenda steshenari aulize bei kabla ya kazi, aseme kwamba analipia faili linalosomeka, si majaribio, na aombe kuonyeshwa kila ukurasa kwenye skrini kabla ya kutoa fedha. Kazi ikiisha aombe picha zake zifutwe katika folda, na pia katika kapu la taka la kompyuta, kwani kilichofutwa mara moja bado kimo humo. Kama zilitumwa kwa WhatsApp iliyofunguliwa dukani, na hizo zifutwe, na akaunti ifungwe mbele yake. Mwenye duka mzuri hachukizwi na maombi hayo.

Mpwa wa mfano wetu amemaliza. Kabla ya kutuma amelifungua faili na kuzihesabu kurasa: saba. Amekuza ukurasa wa saba hadi mistari ya dole gumba ikaonekana. Amelituma kwa mwanasheria, kisha amempigia mjomba simu kumweleza kwamba daftari lenyewe lisikunjwe wala lisiachwe karibu na moto, na kwamba nakala za kompyuta ni za kusomea tu, kwa sababu siku ya mahakama hakimu atataka karatasi zile zile zilizotiwa wino.